Sarafu ya Shilingi 40: Ya Kutumia au ya Kuweka?

Sarafu ya shilingi 40 ilitolewa na Benki Kuu ya Kenya mwaka wa 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Upande mmoja ina sura ya Rais Mwai Kibaki, na wa pili nembo ya taifa. Ni pesa halali.

Sarafu za ukumbusho si za aina moja. Mwaka wa 1966 zilitolewa za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500, zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Hizo ni za kuwekwa: dhahabu yake ina thamani kubwa kuliko tarakimu iliyochorwa, na anayezipeleka dukani anajipunja. Ile ya 40 haina dhahabu. Ilikusudiwa kuzunguka sokoni.

Hata hivyo, ni nadra kuiona mkononi mwa kondakta wa matatu Thika au Ruiru. Abiria wa nauli ya shilingi 60 akitoa noti ya 100, sarafu moja ya 40 ingemaliza chenji. Lakini hurudishiwa mbili za 20, kwa kuwa ndizo zilizojaa. Ya 20 imekuwapo tangu 1998 na watu wameizoea. Ya 40 haikupata nafasi katika hesabu ya 5, 10 na 20. Muuzaji asiyeijua huigeuza-geuza akisita kuipokea, na anayeijua huitia kibindoni. Kadiri inavyofichwa ndivyo inavyozidi kuadimika. Uingereza nako, sarafu ya peni 50 ya mwaka 2009 yenye picha ya bustani ya Kew Gardens, ambayo zilitolewa 210,000 tu, husakwa kwa bei inayozidi sana peni 50.

M-Pesa, iliyoanza 2007, nayo imepunguza haja ya sarafu. Kisha Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ikakataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa. Desemba 2018 zikaja sarafu za twiga, kifaru, simba na ndovu, lakini za zamani hazikufutwa.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayepewa sarafu ya 40 hana sababu ya kuikataa. Naye anayetaka kuiuza kama kitu adimu akumbuke kwamba dukani thamani yake ni shilingi 40. Zaidi ya hapo, bei ni ya mapatano kati yake na mnunuzi.