Fahamu: Kinachotokea bodi inapowashwa, kabla ya Linux

Bodi ya BeagleBone Black, iliyotoka mwaka 2013, ina RAM ya MB 512. Ajabu ni kwamba umeme unapoingia, RAM hiyo haitumiki bado, hakuna aliyeiandaa. Prosesa yake, AM335x ya Texas Instruments, huamka na programu fupi iliyochomwa kiwandani, kisha husaka faili liitwalo MLO.

Faili hilo halitakiwi kuzidi KB 109, maana hupakiwa ndani ya prosesa yenyewe. Likishaiandaa RAM, hulipakia la pili, u-boot.img, ambalo ndilo huiita Linux.

Yote mawili ni ya U-Boot, mradi wa msimbo huria ulioasisiwa na Mjerumani Wolfgang Denk. Fundi huyaunda kwenye kompyuta ya kawaida kwa kikompaili cha ARM, akianza na amri make am335x_evm_defconfig. Huyanakili kwenye kadi ya SD iliyofomatiwa FAT, MLO likitangulia. Kisha hushikilia kitufe cha S2 huku akichomeka umeme, ili bodi ianzie kwenye kadi.

Bodi ikigoma, haijafa: programu ya kiwandani haifutiki. Chomoa kadi, andika upya.