Kiarabu cha Mama Mkwe

Mara ya kwanza wakwe zangu waliponialika chakula hapa Great Barr, mama mkwe alinipigia simu mwenyewe. Katika maneno yote aliyoyasema nilidaka mawili tu: "as-saa sab'a". Nilifurahi sana, maana ilikuwa mara ya kwanza kuelewa Kiarabu bila mume wangu kunitafsiria. Saa saba! Nikafunga visheti kwenye sahani, nikapanda basi, nikashuka Scott Arms, na ilipofika saa saba kasorobo mchana nikawa mlangoni. Mama mkwe alinifungulia akiwa na unga hadi viwikoni. Alinitazama mimi, akatazama saa ya ukutani, akanitazama tena. Chakula kilikuwa cha saa moja usiku.

Saa yao huanza kuhesabiwa usiku wa manane kama ya Waingereza. Yetu huanza na jua. Neno ni lile lile, tulilichukua kwao na namba yake juu, kisha tukalipa kazi yetu. Nimefundisha watu wazima lugha kwa miaka mingi, na bado nilinaswa na neno ambalo mtoto wa darasa la kwanza pwani analijua.

Nasimulia haya kwa sababu nimekuwa nikiulizwa swali moja na Waswahili wenzangu wa Birmingham, wengi wao wake kwa waume walioingia katika familia za Kiyemeni, Kisudani au Kimisri: nikitaka kuongea na wazazi wa mwenzangu, nianzie wapi? Wayemeni si wageni sehemu hizi. Walikuja kwa wingi tangu miaka ya 1950, wengi wakipitia Aden, iliyokuwa mikononi mwa Waingereza tangu 1839 hadi 1967, wakafanya kazi kwenye viwanda vya kusubu chuma vya Birmingham, Smethwick na West Bromwich, mwendo mfupi tu kutoka hapa kwetu. Wajukuu wao wanaongea Kiingereza cha mitaa hii kama wenyeji. Mwenye shida ni bibi aliyebaki nyumbani akilea, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwa daktari na dukani. Huyo ndiye unayejifunza Kiarabu kwa ajili yake, na jibu langu lote linatokana naye.

Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kununua kitabu. Kitabu kitakufundisha Kiarabu fasihi, kile cha magazeti, hotuba na taarifa ya habari. Ni lugha tukufu, lakini hakuna mtoto yeyote wa Kiarabu anayeinyonya kwa mama yake, huikuta shuleni. Mwaka 1959 mtaalamu wa isimu wa Marekani, Charles Ferguson, aliandika makala iliyoieneza istilahi ya hali hii, daiglosia: jamii moja yenye sura mbili za lugha, moja ya mimbari na maandishi, nyingine ya jikoni na sokoni, na kila moja ina mahali pake. Kiarabu kilikuwa mmoja wa mifano yake minne. Usidhani ni kama tofauti ya Kimvita na Kiunguja. Mtu wa Mombasa na mtu wa Unguja watacheka kidogo kisha wataelewana. Fasihi na lugha ya nyumbani zimeachana zaidi ya hapo, na lugha za nyumbani zenyewe nazo zinatofautiana nchi kwa nchi.

Chukua neno moja tu, nataka. Kitabu kitakupa "uridu". Mtu wa Cairo atasema "ayiz", na mwanamke wa huko "ayza". Beirut na Damascus ni "biddi". Ghuba ni "abgha", Morocco ni "bghit". Mama mkwe wangu ni mtu wa Sanaa, na kwake ni "ashti". Mwezi mzima nilikuwa nikimwambia "uridu maa" nikiomba maji, naye ananiletea maji huku amebana kicheko. Ilikuwa kana kwamba mtu ameingia jikoni kwako akasema: "Ninayo haja ya kupatiwa maji." Siku niliyosema "ashti" aliita watu wa sebuleni waje wasikie.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, uliza nyumba hiyo ni ya wapi, na usiridhike na jina la nchi. Yemen peke yake, kahawa na mlima vinatosha kukuonyesha: Sanaa wanasema "gahwa" na "jabal", Taizz wanasema "qahwa" na "gabal". Ukipata kitabu cha lahaja yenyewe, hapo nunua. Cha Sanaa kipo, Janet Watson alikitoa mwaka 1996 kwa jina Ṣbaḥtū!, ambalo ni salamu ya asubuhi ya huko. Lahaja nyingine nyingi hazina bahati hiyo. Kitabu chake ni bibi mwenyewe.

Sasa tuje kwetu Waswahili, maana hapa mambo ni matamu. Taasisi inayofundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani huhesabu kwamba msemaji wa Kiingereza anahitaji masomo ya darasani yapatayo saa 2,200 ili akimudu Kiarabu kikazi. Ukijisomea nusu saa kila siku bila kukosa, ni miaka 12. Usishtuke. Hesabu hiyo ni ya mtu anayekwenda kujadili mikataba, wewe unakwenda kula. Tena ni ya mtu anayeanza bila akiba yoyote, na wewe akiba unayo. Alasiri moja nilikaa na daftari jikoni kwa mama mkwe nikaandika alivyotaja: sukkar, asal, samn, sahn, finjan, ibrik, thum. Sukari, asali, samli, sahani, finjani, birika, saumu. Ukichoka kuandika, hesabu: sita, saba, tisa, ishirini, arobaini, hamsini, mia. Halafu kuna viungo vidogo vya sentensi, ambavyo mgeni mwingine huhangaika navyo miezi: lakini, kabla, baada, hata, bila. Na "bas", yaani basi, ambayo ukiisema mezani sahani yako inaacha kuongezwa. Inaacha kwa dakika mbili, hivi.

Akiba ya pili wengi hawajui kama wanayo. Ukiwa ulisoma chuoni utotoni, ustadhi akakurudisha aya mara kumi kwa sababu ya ha moja, basi makhraji ya herufi, yaani mahali kila moja inapotokea, ulishayafanyia mazoezi bila kujua ni ya nini. Ha ya kooni, ayn, kafu nzito, sadi na dhadi ndizo zinazomchosha mwanafunzi mtu mzima wa hapa Uingereza mpaka anakata tamaa. Mtoto wa chuo cha Tanga au Lamu anazo mdomoni. Tatizo ni kwamba anazitumia akisoma Kurani tu, na akifungua mdomo kuzungumza anarudi kwenye "h" yetu moja ya Kiswahili, ile inayobeba habari, hali na hewa kwa mpigo. Isogeze sauti ya msahafuni ije mezani. Asiyepitia chuo naye atazipata, ila ajipe muda, na aanze na urefu wa herufi, ambao sisi hatuna: "hamam" ni njiwa, "hammam" ni msala. Kuuliza njiwa wako wapi katika nyumba ya watu, na wewe umebanwa, ni jambo la kuepukwa.

Akiba hiyohiyo ndiyo mtego. Maneno tuliyoyachukua karne nyingi nyuma hayakukaa kimya, yalikulia kwetu. Sisi tukiomba tunasema tafadhali. Kwa Mwarabu "tafaddal" ni neno la anayetoa: karibu, pita, chukua, kula. Ukimwambia mama mkwe "tafaddali, maji", umemkaribisha maji ya nyumbani kwake. Labda, ambayo kwetu ni shaka, imetoka kwenye "la budda", ambayo kwao ni kinyume chake: hapana budi. Marhaba kwetu ni ya mkubwa aliyeamkiwa. Kwao mtoto mdogo anaweza kukurushia mlangoni nawe usione amevunja adabu.

Lakini lililonigharimu ni neno "rahisi". Mama mkwe alinifundisha kupika salta, mchuzi wao wa nyama unaochemka mezani na juu yake povu la hulba, yaani uwatu uliopigwa. Kupiga uwatu mpaka uumuke uwe mweupe ni kazi ya mkono, naye alinionyesha kwa subira. Nikataka kumpa sifa kwamba amenielekeza vizuri hata nimeona kazi ni rahisi. Nikasema: "Rakhis!" Kwa Kiarabu neno hilo halina habari na wepesi. Ni bei ya chini, kitu cha ovyo. Nilikuwa nimesimama mbele ya chakula cha kwao nikakiita cha bei poa. Wifi yangu mdogo, aliyezaliwa hapahapa, ndiye aliyeniokoa: "Anakusudia sahl, yumma, sahl." Nasi neno hilo tunalo, sahali, tena la kishairi, tumelifungia kabatini tukashika rahisi.

Kuna mtego mwingine usiohusu maneno. Kiswahili hakikuulizi kama unayezungumza naye ni mke au mume, "umeshiba?" ni ya wote. Kiarabu hakikuachii. Mimi salamu nilizidaka kwa mume wangu akiongea na ndugu zake, nikampelekea mama yake "kef halak" kwa miezi, hali yako wewe mwanamume. Sanaa mwanamke huambiwa "halish", na Oman vilevile. Mwanafunzi wangu mmoja, dereva wa lori aliyeoa Mmisri, alikuwa na balaa la upande wa pili: kila alichojua alikitoa kwa mkewe, hivyo akirudi kazini alimwambia baba mkwe "ana ta'bana", nimechoka, kwa sauti yake nzito na sarufi ya kike. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mwenzi wako hatoshi kuwa mwalimu. Mke ajifunze kwa wifi na mama mkwe, mume ajifunze kwa mashemeji na baba mkwe.

Na umri? Watu huja wakiniambia wamechelewa, kichwa cha miaka 40 hakishiki. Mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walitoa utafiti kuhusu wasemaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi: miezi ya mwanzo watu wazima na vijana wa miaka 12 hadi 15 waliwatangulia watoto wadogo. Mtoto hushinda baadaye, hasa kwenye lafudhi. Nasi Waswahili tuna ushahidi wa karibu zaidi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 watu wengi wenye asili ya Oman waliondoka Zanzibar, na baada ya Sultani Qaboos kushika nchi Julai 1970 waliitwa warudi kujenga. Wengi walifika Muscat na Kiswahili na Kiingereza chao, Kiarabu kikiwa cha sala tu. Walikipata ukubwani, kwa shangazi na binamu na kwenye maofisi. Kiswahili hawakukiacha, hadi leo utakisikia Muscat.

Mimi sikipendi sana Kiarabu cha programu za simu. Zinakupa nyota kwa kusema "mvulana anakula tufaha", sentensi ambayo miaka yangu yote hapa sijapata pa kuitumia. Kilichonisaidia ni kazi za mikono pamoja na mtu anayezifanya. Jikoni amri zinarudiwa, kila moja ina kitu chake mbele ya macho: "hati", nipe, "jibi", lete, "shilli", chukua. Siku moja mama mkwe alitia unga kwenye maji yanayochemka, akashika mti akaanza kusonga, akageuza, akakandamiza ukutani mwa sufuria. Akasema ni "asid". Nilipokea mti nikasonga, naye akashangaa mkono umejulia wapi. Sikuwa na Kiarabu cha kumweleza ugali. Nikamwambia tu "indana", kwetu, huku nikionyesha sufuria. Tulisimama pale tukizungumza kwa saa nzima, mimi nikiwa na maneno yasiyofika 200.

Kuhusu kumwita, usibuni. Nyumba nyingine mama mkwe huitwa khala, nyingine amma, nyingine kwa jina la mwanawe wa kwanza kama tunavyofanya sisi na Mama Fulani. Uliza, kisha shika hilo moja. Wala usishangae siku akikuita wewe "mama". Ni pendo linalofanana na lile la pwani la kumwita kitoto cha kike mama na cha kiume baba.

Neno langu la mwisho si kwa mwanafunzi. Ni kwako mume au mke mwenye lugha yako, unayekaa katikati ya meza ukitafsiri huku na huku kwa nia njema. Mama yako akisema jambo, mwenzio anakutazama wewe. Mwenzio akijibu, mama anakutazama wewe. Jumapili hii, chakula kikishaandaliwa, toka. Nenda kaoshe gari, nenda mpaka Barr Beacon ukapunge upepo. Waache wawili hao na birika la chai, na usirudi kabla ya nusu saa.