Zao la Tanuu na Zao la Hesabu

Mchoma chokaa wa pwani, apangapo matumbawe juu ya magogo na kuyatia moto, hutenda amali ya kemia ambayo hesabu yake ni ya yakini: kilo 1000 za jiwe safi la chokaa, zikifikishwa kwenye joto la kadiri ya digrii 900 za sentigredi, hutoa kilo 440 za hewa ya kaboni dioksidi ipoteayo angani, na kubakisha kilo 560 za chokaa isiyozimwa. Hizo 560 ndizo zao la hesabu. Na kile kitakachopatikana mizanini baada ya kuchambua uchafu na mawe mabichi, tuseme kilo 476, ndicho zao halisi. Gawanya la pili kwa la kwanza, kisha zidisha kwa 100, utapata 85, nayo ndiyo asilimia ya zao. Kugawanya kwa zile 1000, kama wafanyavyo wengi, ni dhuluma, kwani hakuna fundi, hata awe hodari vipi, awezaye kuidai hewa iliyokwisha kuruka.

Wala tusifanye haraka kumlaumu mchomaji kwa upungufu wa asilimia 15. Ikiwa matumbawe yake yalikuwa na mchanga, na jiwe safi ndani yake ni kilo 900 tu, zao la hesabu lashuka hadi kilo 504, na kazi yake yapanda ikapita asilimia 94.

Mizani ikionyesha kilo 600, yaani asilimia 107, hapo ndipo pa kutia shaka. Ama mna viini vya mawe yasiyoiva, ambavyo, kipande kikizimwa kwa maji kisha kikatiwa siki, hujifichua kwa povu. Ama chokaa imevuta unyevu, maana kilo 560 zikishiba maji huwa 740.

Asilimia ndogo nayo si aibu sikuzote. Katika kutengeneza amonia kwa njia ya Fritz Haber, iliyoanza kutumika kiwandani Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, gesi zipitapo mara moja juu ya kichocheo, ni kadiri ya asilimia 15 tu zigeukazo amonia. Zilizosalia hurudishwa tena na tena, hata karibu zote zikaungana. Mchoma chokaa naye huweza kuyarudisha mawe mabichi tanuuni kwa zamu ijayo, ila magogo yaliyokwisha kuteketea hayamo kabisa katika asilimia ile, na gharama yake yataka daftari jingine.