Uvimbe kwenye titi: mashine inapobonyeza badala ya vidole

Baada ya semina shuleni kwao, binti mmoja wa kidato cha nne alinivuta pembeni. "Dada, nina kitu kama gololi kwenye titi. Mwaka mzima sasa. Naogopa kukatwa." Hata mama yake hakuwa anajua.

Najua hayuko peke yake, basi tuongee. Kwa wasichana, uvimbe unaoteleza chini ya vidole mara nyingi ni faibroadenoma, ambayo si kansa. Lakini vidole haviwezi kuamua, ndiyo maana unapelekwa ultrasaundi. Picha inaonyesha kwanza kama ndani mna maji au nyama tupu.

Ikiwa ni nyama, baadhi ya hospitali huongeza kipimo kiitwacho elastografia. Jina refu, kazi rahisi. Umeona mama anavyobonyeza parachichi sokoni? Ndiyo hiyo! Mtaalamu Ophir na wenzake waliieleza mwaka 1991 huko Houston, Marekani. Unapakwa jeli, unabonyezwa kidogo kwa kile kifaa, na mashine inalinganisha picha ya kabla na ya baada: nyama laini hubonyea, ngumu hukaa vilevile. Mashine nyingine hutuma msukumo zenyewe na kupima mwendo wa wimbi, kwani kwenye nyama ngumu wimbi hukimbia zaidi. Majibu hutoka kama rangi. (Usijisomee mwenyewe, rangi ya ugumu hutofautiana mashine kwa mashine.) Hakuna kisu wala eksirei.

Kansa nyingi za matiti ni ngumu, na nyama inayozizunguka nayo hukakamaa. Hapo ndipo watu hujichanganya, wakidhani laini maana yake salama. Sivyo kabisa. Zipo kansa laini, na zipo faibroadenoma za siku nyingi zilizoingia chokaa zikawa kama jiwe. Kwa hiyo picha ya kawaida ikionyesha dalili mbaya, daktari atachukua kinyama kwa sindano kipimwe maabara, hata kama rangi zimependeza. Unapigwa ganzi kwanza. Na kuchukua kinyama si kukata titi, jamani!

Hospitali ya kwenu haina elastografia? Usiisubiri. Ultrasaundi ya kawaida na sindano hiyo ndivyo vinavyotoa jibu hata kwenye mashine hiyo ipo.

Yule binti alikwenda na shangazi yake. Ilikuwa faibroadenoma. Ameambiwa arudi kupimwa baada ya miezi 6.