Mtambo Upatao Moto Katikati ya Maji

Siku moja mwanafunzi wa hapa Sikonge aliniuliza, "Mwalimu, mashua imezungukwa na maji pande zote. Yawezekanaje mtambo wake ukapata moto hata ukazimika?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana nimepata kuliona jambo hilo kwa macho yangu, na siku ile hapakuwa na mtu chomboni aliyecheka.

Sisi watu wa Sikonge hatukai kando ya ziwa, lakini si wageni wake. Maji ya mto Ugalla huingia katika Malagarasi, na Malagarasi huyamimina katika Ziwa Tanganyika. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Tabora ikaishia Ujiji, na wazee wetu waliijua kwa nyayo zao. Tena tangu reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, mtu wa kwetu hufika ziwani bila kuchoka miguu. Kwa hiyo yafaa tujue habari za vyombo vya huko, maana huenda siku moja wewe au ndugu yako akawa ndani yake.

Kwanza tujue moto huo watoka wapi. Mpagazi wa zamani aliyebeba mzigo wa kadiri ya kilo 30 alitoka jasho, na jasho lile ndilo lililomponya asizidiwe na joto. Mtambo nao ni mpagazi. Ukiugawa moto wote wa mafuta ya dizeli katika mafungu matatu, kadiri ya fungu moja tu ndilo lisukumalo chombo. Fungu la pili hutoka pamoja na moshi. Fungu la tatu hubaki katika chuma, na lisipoondolewa, chuma hutanuka, mafuta ya kulainisha huwa mepesi kama maji, na pistoni hukwama.

Kazi ya kuliondoa fungu hilo la tatu ni ya maji. Katika mashua nyingi zenye mtambo ndani, maji ya ziwa huingia kwa tundu lililo chini ya chombo, lenye koki. Hupita katika chujio, kisha huvutwa na bomba lenye gurudumu dogo la mpira, lenye mabawa. Hapo huzunguka penye joto, kisha hutupwa nje pamoja na moshi. Mitambo mingine ina maji yake yenyewe, yaliyofungiwa ndani, nayo maji ya ziwa huja kuyapoza tu pasipo kuchanganyika nayo.

Mkiisha kuifahamu njia hiyo, mmekwisha kupata nusu ya dawa. Mtafuta ugonjwa na aifuate njia ya maji tangu mwanzo hata mwisho, asirukeruke.

Dalili ya kwanza huonekana nyuma ya chombo. Tazama mahali moshi utokapo: je, maji yanatoka kwa nguvu kama desturi? Yakiwa haba, au ukitoka mvuke mweupe, punguza mwendo mara moja, hata kama kipimajoto hakijapanda sana. Elekea pwani ungali una nguvu ya kwenda. Ziwa Tanganyika lina vilindi vifikavyo kadiri ya mita 1,470. Mbali na pwani nanga haigusi chini, na chombo kisicho na mtambo hugeuzwa ubavu na mawimbi.

Mtambo ukiisha kuzimwa, anza na koki: je, i wazi? Halafu fungua chujio uondoe majani na takataka, baada ya kufunga koki, ili maji yasijae chomboni. Kisha tazama mipira ya maji kama imepasuka au imelegea, na mkanda uzungushao bomba kama umekatika. Halafu fungua bomba ulitazame lile gurudumu la mpira. Likizunguka pasipo maji kwa muda mfupi tu huungua na kukatika mabawa. Ukilikuta limepungukiwa, usitie jipya tu ukaondoka. Vitafute vipande vyote vilivyokatika, maana vimekwenda mbele na maji, navyo vitaziba njia nyembamba huko.

Haya yote yakiwa mema, huenda kosa liko katika kilango kidogo ambacho mafundi hukiita themostati. Kazi yake ni kuzuia maji mpaka mtambo upate joto la kutosha, kisha kuyafungulia. Kukijaribu ni rahisi: kitie katika sufuria ya maji juu ya moto. Kisipofunguka hata maji yanapochemka, kimekufa. Tena maji ya ziwa hili yana chumvichumvi nyingi, nazo hujijenga katika mirija kama ukoko wa chungu. Fundi hana budi kuisafisha kwa nyakati zake. Mwisho, tazama rafadha. Wavu ulioizonga, au shehena iliyopita kiasi, humtesa mpagazi huyu hata maji yake yawe safi namna gani.

Sasa nitaje hatari iliyo kubwa kuliko zote. Kifuniko cha maji ya ndani kisifunguliwe mtambo ungali moto. Ziwa Tanganyika liko kadiri ya mita 770 juu ya bahari, na huko maji ya sufuria huchemka kwenye digrii 97. Hapa petu, palipo juu zaidi, huchemka kwenye digrii 96. Lakini maji yaliyofungiwa kwa kifuniko chenye nguvu hupita joto hilo pasipo kuchemka, kwa kuwa yamebanwa. Ukiondoa kifuniko, yanafunguliwa yote mara moja, yanageuka mvuke, yanaruka usoni pako. Wala usiumwagie mtambo maji baridi ukiwa katika hali hiyo, maana chuma hupasuka kama chungu cha moto kilichotiwa maji.

Siku ile niliyoitaja tulikuwa tumetoka Kigoma kwenda kusini, tukiwa na akina mama, watoto na magunia ya dagaa. Mvuke ukatoka nyuma, na hakuna aliyeuangalia mpaka mtambo ulipokohoa ukazimika. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza. Kijana mmoja akashika tambara akainama juu ya kifuniko. Mzee wa mtambo akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, hata sisi tukipotea, macho yako yasipotee kwanza." Tukangoja, huku wengine wakipiga makasia ili omo ielekee mawimbi. Ulipopoa, yule mzee akatoa katika chujio donge la majani na nyuzi za wavu kuukuu, na katika bomba gurudumu lililokatika mabawa mawili. Alikuwa na jipya katika kisanduku chake. Jua lilipokuchwa tulikuwa tumefika pwani.

Meli iitwayo Liemba yatufundisha neno lilo hilo. Wadachi waliizamisha wenyewe mwaka 1916, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, mitambo ile ilikuwa ingali yafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Kazi ile ya mafundi ililinda chuma kwa miaka kadhaa chini ya maji.

Basi, wewe uendeshaye mtambo, chukua gurudumu la akiba, safisha chujio kabla ya kung'oa nanga, na kila mara geuza uso utazame nyuma. Na wewe abiria, ukiona maji yamekoma kutoka, usinyamaze kwa haya. Mwambie nahodha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katikati ya ziwa hakuna mahali pa kujengea.