Kozi, Njiwa na Vito: Riwaya ya Upelelezi kwa Vijana

Miongoni mwa riwaya za upelelezi zilizoandikwa nchini Marekani kwa ajili ya vijana, The Hooded Hawk Mystery, iliyochapishwa mwaka 1954 ikiwa ya 34 katika mfululizo wa Hardy Boys, ina upekee wake, kwa kuwa ushahidi mkubwa wa kisa chake hauletwi na alama za vidole wala na shahidi aliyefunguka kinywa, bali na ndege. Ndege huyo ni kozi wa aina ambayo wataalamu huiita Falco peregrinus, naye anafika mikononi mwa Frank na Joe Hardy akiwa amefunikwa kichwa kwa kofia ya ngozi, katika mazingira ya kutatanisha. Vijana hao, ambao baba yao Fenton Hardy ni mpelelezi mashuhuri, wanamtumia kozi kuwaangusha njiwa waliobeba vito vya thamani, na kwa njia hiyo wanawafikia wafanya magendo na kufumbua fumbo la kijana wa Kihindi aliyetekwa nyara.

Jalada la kitabu linamtaja mwandishi kuwa ni Franklin W. Dixon, mtu ambaye hajapata kuishi duniani. Jina hilo lilibuniwa na kampuni ya Edward Stratemeyer, iliyokuwa ikitunga muhtasari wa kisa, kumpa mwandishi wa kukodiwa aujaze, na kumlipa ujira wa mara moja huku haki zote zikibaki kwa kampuni. Vitabu vya mwanzo, kuanzia mwaka 1927, viliandikwa na Leslie McFarlane wa Kanada, ilhali hiki cha kozi kiliandikwa na Charles S. Strong. Katika utaratibu wa namna hiyo, ambapo karibu kila sura lazima imwache msomaji roho juu, ingetarajiwa ndege awe pambo tu la jalada, lakini sivyo ilivyo, kwani ukimwondoa kozi hakuna kesi inayobaki.

Sanaa ya kuwinda kwa kozi, inayofahamika sana Arabuni, Uajemi na India, na ambayo mfalme Frederick wa Pili aliiandikia kitabu kizima huko Ulaya katika karne ya 13, imejengwa juu ya mambo mawili, yaani macho na njaa. Kozi huuelewa ulimwengu kwa macho, na kila kinachopita mbele yake humshtua, ndiyo sababu hufunikwa kofia, maana akiwa gizani hutulia juu ya glovu ya mfugaji, na anapofunuliwa humwona windo na kuruka. Miguuni hufungwa vikamba vya ngozi vya kumshikia, pamoja na njuga ndogo zinazomwonyesha mfugaji alikotua. Kuhusu njaa, mfugaji stadi humpima ndege wake kwenye mizani kila siku, kwa kuwa tofauti ya gramu chache huamua mambo: aliyeshiba hukaa mtini akimtazama bwana wake bila kujali, na aliyedhoofu hana nguvu za kuwinda. Kabla ya kuachiwa huru angani, hufunzwa kurudi kwa kuzungushiwa chambo, yaani kipande cha ngozi chenye manyoya na nyama kinachorushwa kwa kamba.

Ni lazima isemwe pia kwamba kozi si mbwa, wala hamletei mtu windo. Akishamwangusha njiwa, humfunika kwa mabawa na kuanza kumnyonyoa pale pale, na mfugaji sharti afike taratibu, ampe nyama nyingine na kumwondolea windo lake asije akahisi ameporwa. Kazi ya kumzoesha kozi huchukua wiki nyingi za uvumilivu, na hapa mwendo wa riwaya ya vijana, isiyopenda kusubiri, unagombana na mwendo wa sanaa yenyewe.

Hata hivyo wazo la kumkabili njiwa kwa kozi halikutoka hewani. Njiwa ni chakula cha kawaida cha kozi, ambaye hupanda juu sana kisha hujirusha chini kwa kasi inayoweza kuzidi kilometa 300 kwa saa. Mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza iliamuru kozi wa maeneo ya pwani wauawe ili wasiwadhuru njiwa waliobeba ujumbe wa kijeshi. Kilichokuwa balaa kwa makamanda kimegeuzwa na riwaya kuwa silaha ya mpelelezi. Msomaji aliyezoea Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, ambaye hufumbua mafumbo kwa kiko na fikra, atawaona ndugu hawa kuwa watu wa mbio kuliko wa hoja, na huenda asikosee.

Riwaya ilihaririwa upya mwaka 1971, na tarehe hiyo ina kejeli yake. Kati ya matoleo hayo mawili, dawa ya kuulia wadudu iitwayo DDT, iliyopita kutoka kwa wadudu hadi kwa ndege wadogo na kujilimbikiza katika mwili wa kozi aliyewala, ilifanya maganda ya mayai yawe membamba kiasi cha kupasuka chini ya mama aliyeyaatamia, hata kozi wa mashariki ya Marekani, upande ule ule wa mji wa kubuni wa akina Hardy, wakatoweka kabisa kama ndege wanaozaliana huko kufikia katikati ya miaka ya 1960. Dawa hiyo ilipigwa marufuku nchini humo mwaka 1972, na wafugaji wa kozi walikuwa mstari wa mbele katika kuwarudisha, kwa vile ndio waliojua kuwazalisha bandani na kuwafunza makinda kuruka. Tom Cade, mwanabiolojia na mfugaji wa kozi, alishiriki kuanzisha The Peregrine Fund mwaka 1970 kwa kazi hiyo, na mwaka 1999 kozi huyo aliondolewa katika orodha ya taifa ya viumbe walio hatarini. Leo kijana wa Kimarekani anayetaka kuwinda kwa kozi hufanya mtihani, hukaguliwa banda na vifaa vyake, kisha hukaa miaka isiyopungua miwili chini ya mfugaji mzoefu, kwa hiyo kuwasili kwa ndege kama yule wa akina Hardy kungefuatwa kwanza na maofisa wa wanyamapori.