Andika Kwanza, Tafuta Baadaye: Vipi Kuepuka Mtandao Wakati wa Kuandika



Ndugu zetu, anayetayarisha khutba ya Ijumaa, au kijana anayemalizia insha yake ya skuli, mara nyingi huifungua simu kwa haja ya kweli. Anataka kujua Hadiyth kaipokea nani, au tukio fulani lilikuwa mwaka gani. Ni jambo la dakika moja. Lakini juu ya skrini pana ujumbe wa kundi la familia, ndani yake mna video, na chini ya video mna mabishano. Akirudi kwenye karatasi, sentensi aliyokuwa nayo kichwani imeshapotea.

Huo si uvivu. Mtafiti Sophie Leroy alieleza mwaka 2009 kwamba mtu akiiacha kazi moja na kuingia nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki kule alikotoka. Ndiyo maana ukishaifunga WhatsApp bado unaendelea kumjibu shemeji yako moyoni.

Tunaloliona linafaa ni kutenganisha kuandika na kutafuta. Ibn Khalduun, mzaliwa wa Tunis, alijitenga na siasa za watawala mwaka 1375 (776H), akakaa na familia yake kiasi cha miaka minne katika ngome ya Qal'at Ibn Salaamah, iliyopo Algeria ya leo. Humo aliandika rasimu ya Muqaddimah kwa miezi mitano tu, akaimaliza mwaka 1377. Kisha akahitaji vitabu visivyopatikana ila mijini, akarudi Tunis kuvitazama. Sisi ngome hatuna, na nyumba zetu zina watoto na televisheni, ila mpangilio wake tunauweza.

Zima data, uiweke simu chumba chengine, uandike kwa kalamu. Ukifika mahali hukumbuki, usikisie wala usisimame. Andika TAFUTA kwa herufi kubwa, uendelee. Hapa tunasisitiza: Hadiyth isiyohakikiwa haipelekwi juu ya minbari, kwa hivyo kila TAFUTA lazima ipatiwe jawabu kabla ya kazi kutoka mkononi mwako. Rasimu ikishakamilika, washa data, uyatafute yote kwa mkupuo mmoja. Hata bando litadumu zaidi.

Anayeandika ndani ya simu yenyewe ana mtihani mkubwa zaidi, na kwake kuzima data ndiyo kinga pekee ya maana.

Mwenye mgonjwa au jamaa safarini asiizime simu nzima. Data ikizimwa, simu ya kawaida bado inaita. Mkabidhi mmoja wa watu wa nyumbani aipokee, na akuite ikiwa ni dharura kweli. Mambo ya kundi la harusi yatakusubiri.

Na Allaah Anajua zaidi.